Vitabu vya Hadithi Vitoke Kabatini

Sheria ya mwaka 1998 ilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18. Hata hivyo, wilayani Tarime na Serengeti wapo wanaolazimika kuyakimbia makwao msimu wa Desemba, wakimkwepa ngariba.

Hotuba peke yake hazitoshi. Riwaya ya Takadini ya Ben Hanson inasimulia juu ya Sekai, mama aliyekitoroka kijiji chake ili mwanawe mwenye ualbino asiuawe kwa kisingizio cha mila. Kijana akiisoma hujiuliza mwenyewe ni mila ipi inayostahili kudumishwa. Wanaosoma kwa shida na waanzie hadithi za picha.

Kudai kwamba hadithi hupoteza muda wa masomo ni kupotosha. Walimu na maofisa elimu wanao wajibu wa kuwaazima wanafunzi vitabu hivyo kabla ya likizo.