LUGHA NA ADABU: NENO "KAFIRI"



Asili ya neno "kafiri" katika Kiarabu ni kufunika. Ndiyo maana katika Surat al-Hadid, aya ya 20, wafasiri wengi husema "kuffar" ni wakulima, wafunikao mbegu ardhini. Kwetu Waswahili, kafiri ni asiyeamini, awe wa rangi yoyote.

Wafanyabiashara Waislamu wa pwani yetu waliwaita hivyo watu wa bara wasiosilimu. Katika karne ya 16 Wareno wakalichukua neno, wakasema "cafre". Baadaye Waholanzi na Waingereza wakalitumia huku kusini. Imani ikasahauliwa, ikabaki rangi: likawa tusi la kumdhalilisha mtu mweusi. Mwezi Machi 2018 mahakama ya Randburg, hapa Johannesburg, ilimhukumu mwanamke mmoja kifungo kwa kuwatukana askari kwa neno hilo.

Basi tuwafundishe watoto wetu wa Turffontein: la chuoni lisitoke nalo barabarani. Jirani alisikiapo hatauliza nia yetu. Atakumbuka aliyotendewa babu yake. Tuseme "asiye Muislamu", yatosha.

Wabillahi tawfiq.