Mwalimu na Mkunga Walale Wapi?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tunawazungumzia jirani ambao aghalabu huwakumbuka watu wakati wa shida tu: mwalimu, muuguzi na mkunga.

Ganako na mji wa Karatu vimo katika njia iendayo Ngorongoro. Tangu barabara hiyo iwekwe lami katika miaka ya mwanzo ya 2000, chumba anachokitafuta mwalimu mgeni hutafutwa pia na dereva wa watalii, mpishi wa hoteli na mfanyabiashara wa vitunguu vya Mang'ola. Mshahara wa mtumishi haupandi kwa sababu amepangiwa mji wa watalii. Isitoshe, wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Aliyeajiriwa juzi ataitoa wapi?

Matokeo yake ni kupanga mbali na kituo, kisha kuomba uhamisho. Anayepata hasara ni mtoto aliyebaki bila mwalimu, na mama mwenye uchungu usiku ilhali mkunga analala mbali.

Mpango wa MMEM ulioanza 2002 ulijenga madarasa mengi, lakini nyumba za walimu zilibaki nyuma. Baadaye Serikali iliunda Watumishi Housing ili watumishi wapate nyumba za bei nafuu. Ni jambo jema. Hata hivyo, anayeanza kazi hahitaji kununua nyumba, anahitaji pa kupanga karibu na kituo chake.

Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa anayeufanyia umma kazi, akiwa hana makazi, ana haki ya kuyapata, na anayechukua zaidi ya haki yake amefanya khiyana. Basi umma una deni, na mtumishi ana mpaka.

Kwa hiyo tunaishauri Halmashauri isijenge zahanati bila nyumba ya mkunga. Wenye nyumba tunawasihi wapokee kodi ya mwezi kwa mwezi. Na misikiti yenye ardhi ya wakfu ijenge japo vyumba viwili, wapangishwe watumishi kwa kodi ya haki bila kuulizwa dini zao. Mkunga haulizi dini ya anayejifungua.

Wabillahi tawfiq.