Mchezaji Hodari na Kipindi cha Michezo

Kila mwaka, wakati wa mazoezi ya kufundisha, nikifika shuleni na kuuliza ni nani aliyepewa kipindi cha michezo, najibiwa hivi: "Fulani, maana yeye anacheza vizuri sana." Mwaka mmoja nilimkuta mwanachuo wa namna hiyo uwanjani. Alikuwa mrukaji hodari kweli kweli. Katika kipindi cha dakika 40 aliruka yeye mwenyewe mara tisa, na watoto zaidi ya hamsini wameketi majanini wakimshangilia. Walioruka miongoni mwao hawakuzidi saba. Nilipomwuliza watoto wamejifunza nini, alinijibu kwa unyofu: "Wameona."

Simcheki. Yaelekea sisi wakufunzi ndio tuliomfundisha kuamini kwamba ujuzi wa kutenda na ujuzi wa kufundisha ni kitu kimoja. Napenda basi kuwaletea wanachuo habari za mtu aliyekuwa na ujuzi wa kwanza kwa wingi, na ambaye hata hivyo alikubali kuutafuta ule wa pili kwa miaka mingi.

Mtu huyo ni Sue Enquist, Mmarekani, na mchezo wake ni softiboli. Mchezo huo ni ndugu mdogo wa besiboli, ulianzia Chicago mwaka 1887. Mrushaji huurusha mpira kwa kuupitisha mkono chini, mpigaji huupiga kwa gongo, kisha hukimbia toka kituo hadi kituo. Aliyewahi kuwaona wasichana wa shule za msingi za Kenya wakicheza raunda hatapata taabu kuuelewa.

Enquist aliuchezea Chuo Kikuu cha California cha Los Angeles, UCLA, toka 1975 hadi 1978. Ilikuwa miaka michache tu baada ya sheria ya 1972 iliyozikataza shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu ya Marekani kuwabagua wanafunzi kwa sababu ya jinsia yao. Kabla ya hapo michezo ya wasichana vyuoni ilipewa makombo. Mwaka 1978 timu yake ilitwaa ubingwa wa taifa. Wastani wake wa kupiga kwa miaka yote ya uchezaji chuoni ulikuwa .401, na rekodi hiyo haikuvunjwa pale UCLA kwa zaidi ya miaka 20.

Hebu tuitazame hesabu hiyo kwa jicho la mwalimu. Maana yake ni kwamba katika kila nafasi kumi za kupiga zilizohesabiwa, bingwa huyu alifaulu mara nne na kushindwa mara sita. Mtoto wetu akipata nne kwa kumi katika hesabu, tunamwandikia "hajitahidi" na kumrudishia daftari. Najua fika kwamba hesabu na mpira havipimwi kwa kipimo kimoja. Lakini mtu aliyeshindwa mara sita kwa kumi, tena mbele ya watu, na kila mara akarudi kwa mwalimu wake kutafuta ni mguu gani uliochelewa au ni bega gani lililofunguka mapema, amekwisha kujua mtoto anayekosea anahitaji kuambiwa nini.

Mchezaji wa namna hiyo kwetu angekabidhiwa timu siku ya pili yake. Enquist hakukabidhiwa. Mwaka 1980 alirudi chuoni kwake akawa msaidizi wa Sharron Backus, kocha yule yule aliyemfundisha, ambaye naye alikuwa mchezaji mashuhuri zamani zake. Akawa msaidizi kwa misimu tisa. Mwaka 1989 wakawa makocha wakuu wawili wa timu moja, wakishirikiana madaraka. Hakubaki peke yake hadi Backus alipostaafu mwaka 1997. Yaani alikaa miaka 17 kando ya mwalimu wake.

Matunda yalionekana. Timu ilishinda ubingwa wa taifa mwaka 1982, 1984, 1985 na 1988 alipokuwa msaidizi. 1989, 1990 na 1992 walipokuwa wawili. Na 1999, 2003 na 2004 alipokuwa peke yake. Alistaafu mwaka 2006. Ubingwa wa 1995 ulifutwa, kwa kuwa chuo kilizidisha misaada ya masomo iliyoruhusiwa kwa wachezaji wa softiboli. Hilo pia ni sehemu ya habari zake, wala sioni sababu ya kulificha.

Msaidizi hufanya nini miaka yote hiyo? Hutazama. Na pale UCLA palikuwa na cha kutazamwa, maana John Wooden, kocha wa mpira wa kikapu, alikuwa mwalimu wa Kiingereza kabla ya kupata sifa, na Enquist amesema hadharani mara nyingi kwamba alijifunza mengi kwake. Katika msimu wa 1974–75, wanasaikolojia wawili, Ronald Tharp na Roland Gallimore, walikaa kando ya uwanja wa Wooden wakiandika kila tendo lake la kufundisha. Waliandika matendo 2,326. Kiasi cha robo tatu yalikuwa na maelezo ya kazi ndani yake: fanya hivi, kwa namna hii. Sifa tupu zilikuwa chache, na makaripio matupu yalikuwa machache vile vile. Alipoonyesha kwa mwili wake, ilikuwa kwa sekunde chache tu, kisha wachezaji wakarudia wenyewe. Mlinganishe na mrukaji wetu wa mara tisa.

Najua nitakavyojibiwa. Shule ina walimu sita na madarasa saba. Nani atapata nafasi ya kuwa msaidizi? Kwa hesabu na kusoma sina jibu. Kwa michezo ninalo. Madarasa mawili yaweza kutoka uwanjani kwa saa moja, pamoja na walimu wao wawili. Mwalimu mpya na awe wa pili kwa mwaka wake wa kwanza, hata kama anamshinda mwenziwe kwa mbio na kwa kuruka. Awaangalie watoto wanaongoja zamu, maana huko ndiko kipindi kinakopotelea. Aandike katika daftari ni watoto wangapi waliogusa mpira, na mara ngapi. Na kila mwalimu mkubwa aliposema neno, kama neno hilo lilimwambia mtoto la kufanya, au lilimsifu tu, au lilimkaripia tu. Jioni wakae wawili walisome daftari hilo pamoja.

Wengi wenu mtaona haya kuitwa msaidizi. Kelly Inouye-Perez, aliyekuwa mdakaji katika timu ya Backus na Enquist, naye alikuwa msaidizi pale pale toka 1994 hadi 2006, misimu 13, ndipo mwaka 2007 akaishika timu, na akatwaa ubingwa mwaka 2010 na tena 2019. Miaka 13 sisi hatuwezi kuwaomba. Tunaomba mmoja, na daftari lake. Nitakapokuja kukagua nitaomba kulisoma.