Una Nini cha Kuficha?

Wadau, nimekuwa kimya wiki mbili. Sikusafiri, nilikuwa napigana na simu.

Kisa ni mkopo. Mshahara ulichelewa, nikapakua programu moja ya mikopo na kubonyeza "ruhusu" kila ilipouliza. Nilipochelewa kulipa siku tatu, wakaanza kuwapigia watu waliomo kwenye simu yangu. Mmoja ni karani ambaye hunipa habari za ofisini kwake kwa siri. Akaambiwa "rafiki yako mwandishi" anakimbia deni. Tangu hapo hapokei simu yangu, na simlaumu.

Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Safi, ila majina niliyokwisha kuyagawa hayarudi.

Nikanunua Google Pixel iliyotumika nikaiwekea GrapheneOS, yaani Android iliyokazwa usalama, inayotolewa bure. (Ukienda Kariakoo uwe makini: Pixel nyingine zimefungwa na kampuni za simu za Marekani, mfumo mwingine hauingii.) Sasa programu ikidai majina, naionyesha niliyoyachagua tu, hata yawe sifuri, nayo inadhani imepewa yote. Naweza pia kuinyima intaneti kabisa. Simu ikikaa saa 18 bila kufunguliwa inajizima na kujiwasha yenyewe, na yaliyomo yanabaki yamefungwa mpaka niweke namba ya siri. Tangu 2024 ipo hata namba ya pili: ukilazimishwa kuiweka, simu inajifuta.

Jamaa zangu wa LineageOS watanisamehe. Kwa simu kuukuu iliyotelekezwa na mtengenezaji, mfumo wao ni mkombozi. Lakini wengi wakishauweka, wanaacha wazi lile kufuli linalozuia mifumo ya kigeni, kwa sababu simu nyingi hazikubali kulifunga tena. Hapo atakayeishika simu yako nusu saa anaweza kuchezea mfumo wenyewe. Pixel unaifunga upya.

Adha zipo. Baadhi ya programu za benki zinaugomea mfumo huu. Na laini yangu imesajiliwa kwa alama za vidole. Kampuni ya simu inajua nimempigia nani na saa ngapi. Hilo GrapheneOS haligusi.

Pale chumba cha habari wananicheka: una nini cha kuficha? Mimi sina. Mwenye nacho ni yule karani mwenye watoto watatu, aliyeniamini namba yake.

Nimemwombea radhi kupitia mtu tunayefahamiana. Hajajibu bado.