UTEPE HAUSOMI PICHA!

Hivi wewe kijana unayesoma gazeti hili kijiweni, unajua kwamba saratani ya matiti si ugonjwa mmoja? Usiniambie hayo ni mambo ya akina mama. Aliyekuzaa ni nani? Dada yako je? Na huyo mchumba unayemhangaikia mahari?

Sikiliza. Ipo saratani inayolishwa na homoni; hiyo ina vidonge vyake, kama tamoksifeni. Ipo inayosukumwa na protini iitwayo HER2. Dawa yake, trastuzumabu, iliidhinishwa Marekani tangu 1998. Na ipo inayoitwa hasi tatu, kwa kuwa haina vipokezi vya homoni zote mbili wala HER2. Hii hukua upesi, na huwaandama zaidi wanawake wenye umri mdogo na wenye asili ya Afrika. Kumpa mgonjwa wa hasi tatu tamoksifeni ni kumpiga danadana mpaka kaburini.

Hapo ndipo picha inapohitajika. Saratani ya homoni mara nyingi huonekana kwenye mamografia ikiwa na miiba pembeni. Ile ya HER2 mara nyingi huja na chembechembe za chokaa. Lakini hasi tatu ni tapeli aliyevaa suti! Kwenye ultrasaundi yaweza kuwa duara, laini pembeni, ikafanana na uvimbe usio na madhara. Asiyejua kusoma picha atamwambia dada yako: "Nenda nyumbani, si kitu." Kipimo cha MRI chenye dawa ya mshipani huweza kumuumbua tapeli huyo, kwani mara nyingi uvimbe wake hung'aa ukingoni kama pete.

Hata hivyo, picha ni polisi, si hakimu. Inashuku, inaonyesha pa kuchoma sindano. Hukumu hutoka maabara, kinyama kikishapimwa. Basi zinatakiwa zote: mashine, msomaji wa picha, sindano na maabara. Ukikosa kimoja, umekosa vyote.

Sasa tazama wakubwa wanavyofanya. Mashine inaletwa, ngoma zinapigwa, fulana zinagawiwa, mheshimiwa anakata utepe. Nani ataisoma picha? Ikiharibika nani ataitengeneza? Kimya! Mama wa Songea anapanda basi hadi Ocean Road akiwa na uvimbe uliokwisha kupasuka. Kigogo akikohoa, anapanda ndege.

Na hawawezi kusema hawakujua. Aprili 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaweka lengo: tangu mgonjwa afike kituoni mpaka ajue ana nini, zisizidi siku 60. Siku, jamani, siyo miezi!

Kijana, kura ni yako. Mgombea akija mtaani na kofia na kanga, muulize matatu tu. Katika hospitali yetu ya mkoa, nani anasoma picha za matiti? Kinyama kinapimwa wapi, na jibu linarudi baada ya siku ngapi? Je, maabara inataja aina ya saratani, au inaandika "saratani" tu na kufunga faili?

Akikujibu kwa wimbo wa chama, mrudishie kofia yake.