Injini Umebadilisha, Je, Masega Umeyauliza?

Fundi ameshalala chini ya pikapu, grainda mkononi. "Nikate?" anauliza. Mimi na binamu yangu tunatazamana. Tuko Shimanzi, jua la saa saba, malori ya kontena yanapita yakielekea bandarini Kilindini, na hatujui hata kinachotaka kukatwa ni kitu gani.

"Hicho ni nini, fundi?"

"Takataka tu hii, mwanangu. Inazuia moshi. Nikiitoa nawawekea bomba moja kwa moja, gari itapepea. Wala pesa sitaki, nibakie na hii tu."

Hapo ndipo niliposhtuka. Takataka gani hiyo ambayo mtu anaitaka kama malipo?

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Pikapu hii tuliinunua kwa pesa za chama. Ilikuwa ya petroli, lita 2. Injini ikafa, na kama vijana wengi wa mjini hatukuwa na ubavu wa kununua mpya, tukatafuta ya ex-Japan. Tukapata ya dizeli, lita 3, yenye tabo. Tukaona tumeula: nguvu zaidi, mafuta kidogo. Ikafungwa, ikanguruma, tukapiga selfi. Ekzosi ikabaki ile ile ya injini ya zamani. Hakuna aliyeuliza swali.

Wiki tatu baadaye tukapakia unga kwenda Mariakani. Kufika mlima wa Mazeras gari ikachoka. Unakanyaga mafuta, haiendi. Moshi mweusi nyuma, joto mbele, malori yaliyojaa kontena yanatupita huku matanboi wakitucheka. Mzigo ulifika jioni, na mteja akatafuta pikapu nyingine. Ndipo tukarudi Shimanzi, na ndipo grainda ikatolewa.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna mafundi watanicheka: kubadilisha injini hakujaisha mpaka ekzosi nayo iendane na injini hiyo. Na kukata masega halafu kuweka bomba tupu ni kuhamisha tatizo, kutoka kwenye gari lako hadi kwenye kifua cha mtu mwingine.

Kile kidude kinaitwa katalitiki. Mafundi wengi hukiita masega, kwa sababu ndani kina vitundu vidogo vidogo kama masega ya nyuki. Vitundu hivyo vimepakwa madini ghali: platinamu, paladiamu, na kwa magari ya petroli rodiamu pia. Moshi ukipita humo ukiwa wa moto, gesi zenye sumu hugeuzwa kuwa gesi zenye madhara kidogo. Sasa unaelewa kwa nini fundi hakutaka pesa. Duniani kote wezi wanalala chini ya magari ya watu usiku kukata kitu hicho hicho. Sisi tulikuwa tunataka kukigawa mchana, na asante juu.

Lakini kosa letu halikuwa kuwa na masega. Kosa letu lilikuwa kuwa na masega yasiyo ya injini yetu. Kwa hivyo kama unapanga kubadilisha injini, haya ndiyo maswali ambayo natamani mtu angetuuliza mapema.

Kwanza, mafuta gani? Masega ya petroli yanafanya kazi vizuri pale hewa na mafuta vinapokuwa kwa kipimo, kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Ndiyo maana gari la petroli lina sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, ili kompyuta ichunge kipimo hicho. Dizeli haiko hivyo. Inavuta hewa nyingi kuliko inayohitaji, na inatoa masizi. Ukiiwekea masega ya petroli, hayawezi kuondoa oksaidi za naitrojeni jinsi yalivyoundwa, na masizi yanaweza kuziba vile vitundu. Hayo ndiyo yaliyotukuta. Fundi mwingine alipolegeza bomba la mbele ya masega, injini ikapumua papo hapo, kama mtu aliyeondolewa mto usoni.

Pili, ukubwa. Injini ya lita 3 yenye tabo inatoa moshi mwingi kuliko ya lita 2. Masega madogo yatausonga moshi huo: tabo inapata joto, nguvu inapungua, dizeli inaliwa. Usichague kwa kuangalia kama bomba linaingia. Bomba likiingia haimaanishi masega yanatosha.

Tatu, yanakaa wapi? Masega baridi hayafanyi kazi. Yanahitaji joto, kwa kawaida nyuzi 250 hadi 300 hivi, ndipo yaamke. Ukiyasukuma nyuma kabisa kwa sababu ndiko kwenye nafasi, kwa safari fupi za mjini yatakaa yamelala tu. Yaweke karibu na injini, jinsi yalivyokuwa kwenye gari ilikotoka.

Nne, kompyuta inasemaje? Kama injini ilikuja na chujio la masizi, chujio hilo lina sensa zake na huhitaji kompyuta kulichoma lisafike. Ukilifunga bila waya zake, litajaa na utarudi palepale Mazeras.

Jibu rahisi la maswali yote manne tulilipata tukiwa tumeshachelewa: siku unayonunua injini ya ex-Japan, dai na ekzosi yake. Mara nyingi injini hizo hutolewa kwenye nusu gari iliyokatwa, na masega yake yalikuwa pale pale. Sisi tuliuliza gia boksi, alternata, hata waya. Masega hatukuuliza. Tulirudi kwa muuzaji wetu, akayatafuta stoo, tukayalipia peke yake. Tungeyadai siku ile ile tukiwa bado tunapatana bei, nina hakika tungelipa kidogo.

Najua utaniambia: "Bro, mafuta ya hapa yenyewe mabaya, masega yataharibika tu." Hicho kilikuwa kisingizio halali cha baba zetu. Petroli yenye risasi huua masega, na ilikuwa ikiuzwa hapa Kenya mpaka ilipoondolewa sokoni Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Salfa nayo ni adui wa masega, lakini Januari 2015 kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye dizeli ya Kenya kilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni. Nunua dizeli kwenye kituo unachokiamini, achana na ya mitungi barabarani, na kisingizio hicho kimekufa.

Utaniambia tena: "Nani anakagua?" Haya, tuseme hakuna anayekusimamisha leo. Bado ukibadilisha injini unapaswa kuwaarifu NTSA, gari ikaguliwe na namba mpya iingie kwenye logbuku. Na moshi wa magari umo katika kanuni za ubora wa hewa. Siku pikapu yako itakapotaka bima nzuri, kandarasi ya kampuni au mnunuzi makini, karatasi na ekzosi vitaulizwa pamoja.

Hoja ya pesa ndiyo ngumu, na sitaidharau. Kijana mwenye mkopo wa chama anahesabu kila shilingi. Lakini hesabu yote. Sisi tulipoteza mteja, tukalipa fundi mara mbili, na tulikuwa nusura tutoe bure madini yenye thamani. Bomba tupu ni rahisi siku ya kwanza tu.

Halafu kuna hesabu isiyo ya pesa. Pikapu yetu hupeleka bidhaa Mji wa Kale. Unaijua mitaa ile: ukuta kwa ukuta, gari likipita watu wanainua miguu barazani. Moshi hauna pa kwenda ila mlangoni mwa mtu. Siku moja tulisimama nje ya nyumba ya bibi yetu, injini inanguruma, tunateremsha magunia. Bibi akatoka na kitambaa mdomoni, hakugomba, akasema tu, "Wajukuu zangu, hii gari yenu mbona yanipikia ndani?"

Aibu niliyoipata siku ile haina kipimo. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Sikuhitaji hata kulijua hilo. Kikohozi cha bibi kilinitosha.

Masega hayaleti miujiza. Ya dizeli hupunguza kaboni monoksaidi na mvuke wa mafuta usioungua, lakini masizi mengi na oksaidi za naitrojeni zinataka vifaa zaidi. Na injini inayokunywa oili hakuna masega yatakayoiokoa. Ila kati ya kupunguza na kuachilia yote, mimi nimechagua kupunguza.

Na mafundi vijana wa Shimanzi, hii ni kazi inayowangoja. Malori na pikapu zinabadilishwa injini hapa kila siku. Atakayekuwa wa kwanza kumwambia mteja, "Injini hii inataka masega haya, na yanakaa hapa," atapata wateja wanaorudi. Anayejua kukata tu ataishi kwa grainda, na grainda kila mtu anayo.

Sisi pikapu yetu sasa inapanda Mazeras bila kutoa ulimi. Fundi wa kwanza tukikutana tunasalimiana vizuri, hatuna ugomvi. Masega ya zamani binamu yangu ameyaficha chini ya kitanda.

Kwa hivyo grainda ikiwashwa chini ya gari lako, uliza kwanza kinachokatwa ni nini, na kinaenda kwa nani.