Mashauri ya Nyumbani: Mkutano wa Mtaa



Mkonze si kijiji tena kama zamani. Mwaka 1973 iliamuliwa Dodoma iwe makao makuu ya serikali. Mwaka 2018 ikafanywa jiji, na leo viwanja vimeingia katika mashamba ya uwele na mtama. Basi mambo mengi hushauriwa katika mkutano wa mtaa. Je, sisi Wakristo twahudhuria?

Twakiri kosa letu. Siku iliponenwa habari ya mfereji wa maji ya mvua, sisi tulikaa nyumbani, tukisema, "Hayo ni mambo ya dunia." Mvua zilipokuja, maji yakakata korongo katika njia ya watoto waendao shule, hata mama wakawabeba wadogo mgongoni kuvuka. Ndipo tukanung'unika. Lakini siku ya kunena tulikuwa wapi?

Kumbukeni siku za Nehemia: wengi walijenga ukuta, kila mmoja mbele ya nyumba yake. Basi, mwenye miaka 18 na zaidi aende mkutanoni, anene kwa adabu, aulize hesabu ya fedha. Kisha achukue jembe pamoja na jirani zake, wawe Wakristo au Waislamu. Korongo halichagui dini.

Kwaherini hata mwezi ujao.